Joto la Trela Huanzia Majini

Mtu aliyenunua boti ya faiba Dar es Salaam na anataka kuifikisha Mwanza ana zaidi ya kilomita 1,100 za lami mbele yake. Atakagua injini ya boti, atakaza mikanda na kamba, atajaza mafuta gari la kuvutia, atampigia simu mwenyeji wake wa kule ziwani. Magurudumu ya trela atayapiga teke, aone kama yana upepo. Huko mbele, pengine baada ya Dodoma, aliyekaa kushoto atatazama kioo cha pembeni na kuuliza ule moshi unatoka wapi.

Ninamwandikia huyo, na wenzake wanaovuta boti kutoka Mombasa kwenda Naivasha, kutoka pwani kwenda Kyela, au kutoka nyumbani hadi Kunduchi kila Jumamosi. Nataka ajue jambo moja kabla hatujagusa spana: gurudumu linaloungua barabarani mara nyingi liliharibiwa siku trela ilipoingizwa majini, wiki kadhaa kabla ya safari. Safari ndefu huufichua ubovu uliokwisha kuingia. Ndiyo maana dereva makini, mwenye tairi mpya na mwendo wa staha, naye hukwama njiani akashangaa.

Trela ya kubebea saruji au mahindi haiingii majini hata siku moja. Ya boti hurudishwa nyuma ufukweni hadi magurudumu yazame. Sasa fikiria kilichomo ndani ya habu. Kuna beringi mbili zenye rola za mshazari, kubwa upande wa ndani na ndogo upande wa nje. Kati yake kuna grisi na hewa, na nyuma yake kuna sili ya mpira inayozuia grisi isitoke. Ukisafiri, habu hupata joto na hewa iliyomo hutanuka. Ukifika ufukweni na kuizamisha papo hapo, hewa ile hupoa ghafla na kusinyaa, na habu huanza kuvuta kutoka nje. Sili imetengenezwa kuzuia grisi isitoke. Mvuto wa namna hiyo mara nyingi huishinda, hasa ikiwa imezeeka. Basi maji hupenya, na kwa pwani yetu ni maji ya chumvi yenye mchanga laini.

Boti inaelea, kila mtu anafurahi, trela inaegeshwa chini ya mwarobaini. Maji yaliyoingia hutuama chini ya beringi, na pale rola zinapogusana na kikombe chake chuma huanza kula kutu. Baada ya mwezi vimekwisha kuwa vishimo vidogo. Siku ya safari, vishimo hivyo vinasagana kwa kasi ambayo wengi hawaijui: tairi ya inchi 13, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, huzunguka zaidi ya mara 700 kwa dakika. Tairi ndogo zaidi, za inchi 10, huzunguka mara nyingi zaidi ya hapo. Grisi iliyochanganyika na maji haiwezi kulinda chuma kwa kasi hiyo.

Kwa hiyo dawa ya kwanza haina gharama. Ukifika ufukweni, ngoja. Nusu saa ni kiasi cha chini, na kwenye jua la Januari ongeza. Muda huo utumie kupakia vifaa, kufunga kizibo cha kutolea maji, kujaribu injini, kuchomoa waya wa taa za trela. Weka kiganja kwenye habu. Ikiwa bado ina joto kuliko mwili wako, boti isubiri. Najua ugumu wake: kuna foleni, maji yanakupwa, wageni wamekwisha kuvaa maboya. Bado nasema isubiri. Na kama ufukwe una mteremko wa kutosha na trela ina rola nzuri, shusha boti bila kuzamisha habu kabisa. Ni kazi zaidi kwa mikono, lakini beringi zitakaa miaka.

Tuje barabarani. Simama baada ya kilomita 20 au 30 za kwanza, kisha kila unapomaliza saa moja na nusu hivi. Shuka, zunguka trela, pima joto la kila gurudumu. Anza kwa kusogeza mgongo wa mkono karibu bila kugusa, kwa sababu dramu ya breki iliyoshika moto huunguza ngozi mara moja. Ikiwa hakuna wimbi la joto, gusa. Kipimajoto cha kulenga kwa mbali ni bora zaidi, ila kile cha kupimia wagonjwa kwenye paji la uso hakifai, kwa kuwa husoma joto la mwili tu. Nunua cha mafundi. Mimi naongozwa na hesabu hii: habu yenye nyuzi 50 au 60 za Selsiasi baada ya mwendo mrefu mchana wa jua hainitishi. Ikipita 80 nataka kujua sababu kabla ya kuondoka. Na gurudumu moja likiwa na joto la nyuzi 20 zaidi ya mwenzake wa upande wa pili, kuna kitu, hata kama lenyewe bado halijafika 80.

Kabla ya kufungua chochote, jiulize joto liko wapi hasa. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, maana mwenye trela humwambia fundi “gurudumu linachemka” na fundi hubadilisha beringi, kumbe breki ndiyo inayoburuza. Joto la breki huwa kali zaidi kwenye mzingo wa dramu, na huja na harufu kali ya kuungua. Joto la beringi hukaa katikati, kwenye kifuniko cha habu, na mara nyingi hufuatana na grisi iliyoyeyuka kutapakaa ndani ya rimu. Likikaa muda mrefu husambaa kote na huwezi tena kuyatofautisha, kwa hiyo pima mara tu unaposimama.

Kisha linganisha magurudumu. Yote yakiwa na joto sawa, tafuta sababu inayoyahusu yote: handibreki iliyoachwa nusu, kiungio cha mbele kilichokwama, mzigo mkubwa, tairi zenye upepo mdogo, au mteremko uliomaliza kuushuka sasa hivi. Likichemka moja tu, ugonjwa uko hapo hapo. Weka kabari kwenye magurudumu mengine, achia handibreki, inua kwa jeki chini ya ekseli na uzungushe gurudumu kwa mkono. Likisugua na kusimama mapema, brekishu zinagusa dramu. Likizunguka kwa kukwaruza na kunguruma, kama lina mchanga ndani, ni beringi. Halafu shika tairi juu na chini, uitikise kuelekea kwako na kuirudisha. Ikicheza waziwazi, beringi imelegea au imekwisha.

Breki za trela nyingi zilizoagizwa kutoka Uingereza na Ulaya hufanya kazi bila dereva kuzigusa. Gari likipunguza mwendo, trela hulisukuma kwa nyuma. Msukumo huo hurudisha nyuma fimbo iliyo ndani ya kiungio, fimbo huvuta kebo, na kebo hutanua brekishu ndani ya dramu. Gari likianza kuvuta tena, fimbo hutoka mbele na breki huachia. Ni mpango mzuri sana mradi kila kitu kinateleza. Lakini hii ni trela inayolala karibu na bahari. Fimbo hukauka grisi na kuota kutu, inasukumwa ndani na hairudi. Kebo hukwama ndani ya ala yake. Springi za kurudisha brekishu hukatika. Breki zinabaki zimeshika nawe huku unakanyaga mafuta.

Sababu nyingine hutengenezwa gereji. Mwenye trela analalamika kwamba breki hazishiki, fundi anakaza kebo hadi zishike, na biashara imekwisha. Kebo haipaswi kukazwa kwanza. Ilegeze, uende kwenye gurudumu, urekebishe brekishu hadi zikaribie dramu bila kuburuza, ufanye hivyo kwa kila gurudumu, halafu ndipo uondoe ulegevu wa kebo na fimbo. Fundi akianzia mbele, muombe kwa upole aanzie nyuma. Kama anakataa, tafuta mwingine, kwa sababu kebo iliyokazwa kufidia brekishu zilizolika itakuunguzia dramu njiani.

Trela zenye breki za mafuta zina hila zake. Chumvi hukwamisha pistoni za gurudumuni, na mpira wa kupitishia mafuta ya breki huweza kuvimba kwa ndani ukaruhusu mafuta kwenda yasirudi, ingawa kwa nje unaonekana mzima. Kuna njia rahisi ya kujua. Gurudumu likiwa limekwama, legeza kidogo nati ya kutolea upepo. Likiachia mara moja, shinikizo limenaswa juu yake, kwenye mpira au silinda kuu. Lisipoachia, ubovu uko ndani ya dramu: pistoni, springi au kutu.

Mteremko unahitaji maneno zaidi, kwa sababu ndiko wanakoungua hata wenye trela nzima. Anayekwenda Mwanza atashuka Sekenke baada ya Singida. Anayekwenda Ziwa Nyasa atapanda kwanza kutoka Uyole pembeni mwa Mlima Rungwe, kisha atashuka kupita Tukuyu hadi Kyela, na ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 1,200 chini ya jiji la Mbeya. Trela na boti vyenye uzito wa kilo 1,500, kwa kila mita 100 zinazoshukwa, vina nishati ya kutosha kuchemsha zaidi ya lita nne za maji. Sehemu humezwa na upepo na tairi. Inayobaki lazima iishie kwenye injini ya gari, breki za gari, au zile dramu mbili ndogo za nyuma.

Dereva mzoefu atasema anashuka kwa gia ndogo, na ni sahihi kabisa. Asichokijua mara nyingi ni kwamba kwa breki za kusukumwa, gia ndogo haizipumzishi breki za trela. Injini inapolizuia gari, trela inaendelea kulisukuma, fimbo inabaki ndani, brekishu zinasugua kuanzia kileleni hadi bondeni ilhali yeye hajagusa pedali. Kwa hiyo pamoja na gia ndogo, anza kushuka polepole tangu juu, kabla mwendo haujakuzidi. Mwendo ukipanda, kanyaga breki kwa nguvu ya kutosha kuupunguza, kisha uachie, na panapokuwa na sehemu tambarare liache gari livute kidogo ili fimbo itoke na dramu zipate kupumua. Mteremko ukiwa mrefu, simama katikati yake mahali salama, mbali na njia ya malori, upime joto. Dakika 20 zinatosha kwa kawaida. Usione haya kusimama. Malori yanayokupita yana breki za upepo na magurudumu makubwa, na mengi nayo yamewahi kuwaka moto kwenye milima hiyo hiyo.

Kuna trela za kuchomelea mtaani, zilizotengenezwa kwa ekseli ya gari kuukuu, ambazo hazina breki kabisa. Uingereza na nchi nyingi za Ulaya haziruhusu trela isiyo na breki kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo wake, na naona kipimo hicho ni cha busara hata pale ambapo hakuna anayekipima. Boti ya tani moja na injini yake kwenye trela ya aina hiyo inaweza kutembea jijini, barabara tambarare, mwendo mdogo. Kuishusha nayo Sekenke ni kuweka mzigo wote kwenye breki za gari, na hizo zikichemka pedali hulainika hadi chini. Kodi lori.

Uzito wenyewe huongezeka kimyakimya. Lita 200 za petroli ni karibu kilo 150. Weka nanga, minyororo, betri ya pili, masanduku ya barafu na maji ya mvua yaliyotuama ndani ya boti, na trela iliyokuwa ndani ya kipimo imekipita. Safiri na tangi likiwa na mafuta kidogo kadiri inavyowezekana. Utapunguza joto la beringi na utapunguza hatari nyingine ambayo nitaigusa sasa.

Ukiona moshi, punguza mwendo taratibu na uegeshe mahali tambarare, mbali na majani makavu. Weka kabari au mawe kwenye magurudumu. Usivute handibreki ya trela: dramu iliyotanuka kwa joto husinyaa ikipoa, na ikikuta brekishu zimeikumbatia unaweza kushindwa kuondoka. Na usimwage maji. Najua mkono utakimbilia dumu, na watu wa pembeni watakuhimiza, lakini chuma cha dramu kilichoshika moto kikipata maji baridi huweza kupasuka, nawe hutaziona nyufa hadi utakapohitaji breki tena. Acha kipoe chenyewe. Ukiona mwali wa moto, tumia mtungi wa unga mkavu, na kama mwali unapanda kuelekea tairi na boti ina petroli, watoe watu wote mbali kwanza. Ikiwa unaweza kulifungua gari kutoka kwenye trela bila kujiweka hatarini, lifungue. Boti hununuliwa nyingine.

Habu iliyoungua beringi usiendelee kuivuta “hadi kijiji kinachofuata.” Rola zikishasagika, gurudumu zima pamoja na habu linaweza kuchomoka kwenye ekseli, na linapochomoka huenda linakotaka, na barabarani mwenye pikipiki yupo na mtoto wa shule yupo.

Matengenezo ya beringi si kazi ngumu, na ningependa kila mwenye boti aione ikifanywa walau mara moja akiwa amesimama pale pale. Trela ya maji ya chumvi ifunguliwe angalau mara mbili kwa mwaka, na pia kabla ya kila safari ndefu. Toa kifuniko, pini, nati, kisha habu. Tazama grisi kabla ya kuifuta: ikiwa imegeuka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Osha beringi kwa dizeli au mafuta ya taa, uikaushe kwa kitambaa, usiizungushe kwa upepo wa kompresa, kwa sababu rola zinaweza kuruka usoni. Rangi ya buluu au kahawia kwenye chuma ni alama ya kuungua. Vishimo ndani ya kikombe, hata vidogo, vinatosha kuihukumu. Beringi ikibadilishwa, kikombe chake nacho kibadilishwe, havitengani. Soma namba zilizochongwa, usinunue kwa kukadiria kwa macho. Kwenye trela nyingi ndogo za mtindo wa Marekani utakuta L44649 ikikaa kwenye kikombe L44610, au L68149 na L68111, lakini ekseli za kuunga unga zinaweza kuwa na chochote. Sili mpya kila unapofungua, hata kama ya zamani inaonekana nzuri.

Grisi iwe ya kuhimili maji, na iwe ya aina moja. Grisi mbili zisizopatana zikichanganywa huweza kulainika zikatiririka nje. Isukumie ndani ya beringi kwa kiganja, upande mpana, hadi uione ikichomoza upande wa pili kati ya rola. Kupaka juu juu hakusaidii kitu.

Kisha kaza nati huku unazungusha habu, ili kila kitu kikae mahali pake, ilegeze, ikaze tena kwa vidole tu, upitishe pini. Panapaswa kubaki uchezaji mdogo sana, wa kuhisiwa zaidi kuliko kuonekana. Mafundi wazuri wa magari hukosea hapa kwa kuikaza nati hii kwa spana ndefu kama wanavyokaza nati za rimu, na beringi mpya huungua ndani ya saa moja. Pini nayo iwe mpya. Msumari uliokunjwa si pini.

Wengine hufunga vifuniko vyenye springi na chuchu ya kupigia grisi, vinavyoweka shinikizo dogo ndani ya habu ili maji yasivutwe. Ni vizuri, navipendekeza kwa trela za baharini, ila pampu itumike polepole. Grisi ikizidi husukuma sili ya nyuma, inamwagikia brekishu, upande huo unaacha kushika, mwenye trela anakaza kebo, na upande wa pili unaanza kuungua. Na havimwondolei mtu wajibu wa kufungua na kutazama.

Ukirudi kutoka baharini, osha magurudumu kwa maji baridi ya bomba, ndani ya dramu pia, kwa mpira ulioingizwa upande wa nyuma. Vuta trela mwendo mfupi huku unashika breki kidogo kidogo zikauke. Iegeshe kwa kabari, handibreki ikiwa imeachiwa. Brekishu zikilala zimebana dramu yenye chumvi hugandana nayo kwa kutu, na ukiilazimisha trela kuondoka kile kipande cha kusugua hubanduka na kubaki kikisagwa humo ndani. Kila baada ya wiki mbili, isogeze mbele na nyuma ili rola zibadilishe mahali zinapokaa.

Kwa safari ndefu, beba habu nzima ya akiba iliyokwisha kujazwa grisi, beringi na sili zikiwa ndani, pamoja na nati, pini mbili, mkebe wa grisi ile ile na spana inayofaa. Beba jeki iliyokwisha kujaribiwa kwenye trela yenyewe, kwa kuwa ya gari huenda isifike au isiingie chini ya ekseli, na ubao wa kuiwekea juu ya mchanga. Duka la beringi halipo kila kituo kati ya Manyoni na Nzega. Ukishabadilisha habu, acha ile iliyotoka ipoe kabla ya kuifunga kwenye gunia, kwa sababu namba zake utazihitaji dukani. Endesha kilomita 10 usimame uishike habu mpya kwa mkono. Kaza nati za rimu tena baada ya kilomita 50 hivi, halafu urudie zile za upande wa pili.